Kaimu Arkea wa Misunkumilo

Ninayo furaha kuutaarifu umma kwamba, kuanzia sasa, amonia yote iliyomo ardhini na majini hapa Mpanda iko chini ya Kamati ya Udhibiti wa Viumbe Wasiotambulika. Mwenyekiti ni mimi, Sylvanus.

Chanzo ni semina. Mtaalamu alitueleza kuwa kwenye udongo na maji yetu wamo arkea, vijidudu wasioonekana kwa macho. Wanachukua amonia inayotoka kwenye mkojo na samadi, wanaibadilisha, kisha bakteria wengine wanaimalizia iwe chakula cha mimea. Wanafanya hivyo usiku na mchana, bila kibali, bila kikao na, hapa ukumbi mzima uliguna, bila posho. Utumishi hauwezi kuvumilia mfano mbaya kiasi hicho. Tukaazimia kuwasimamisha kazi kwa dawa.

Tulianzia Mwamkulu kwa Masalu, ambaye alikuwa amehamisha zizi la ng'ombe, kama wafugaji wenzake wanavyofanya, ili zizi la zamani lipandwe mahindi. Udongo ule ulijaa wahalifu. Mkewe, Esteria, alisimama mbele ya bomba letu la dawa, jembe mkononi.

"Mkimwaga hapa, nitakula nini na watoto? Chakula chetu cha mwaka mzima kinatoka hapa."

"Mama, hili ni zoezi la kisera."

"Basi sera ianzie kwako, bosi. Si una bwawa la samaki kule Misunkumilo? Nyie wenyewe mmesema hata majini wamo."

Mwandishi wa redio akanisogezea kinasa sauti. Ungekuwa wewe ungesemaje? Nikasema kiongozi ni mfano, na kwamba Mwamkulu tutarudi nikishamaliza kwangu.

Bwawa lile lilikuwa na perege niliowatunza kwa ajili ya mgeni rasmi wa uzinduzi wa Kamati. Tulimwaga dawa ambayo, kwa mujibu wa lebo, haiwadhuru samaki. Kweli haikuwadhuru. Waliokufa ni arkea na wenzao. Perege wakaendelea kula na kujisaidia kwa utulivu, amonia ikakosa wa kuibadilisha, maji yakanuka kama choo cha stendi. Wakaanza kuja juu kuhema. Wengi wakaelea matumbo juu. Niliumia sana, kwa niaba ya Kamati.

Mgeni rasmi, Mama Getrude, mkubwa wangu wa kazi, alifika na njaa yake. Akalitazama bwawa, akanitazama na mimi.

"Hiyo amonia ilikuwa inaondolewa na nani?"

"Arkea, mama. Tumewasimamisha."

"Na nani anakaimu nafasi yao?"

Nikapekua faili la Kamati.

"Basi unakaimu wewe, mpaka warudi. Na hiyo dawa ifungiwe stoo, isiguse shamba la mtu."

Ndiyo maana siku hizi nashinda bwawani na ndoo, natoa maji machafu, namimina safi. Perege waliobaki hawajui sikukuu wala likizo. Mgongo unaniuma, nasema ukweli.

Juzi Esteria alipita. Mahindi yake yamefika magotini. Alisimama akaniangalia ninavyotweta.

"Pole na kazi, mwenyekiti," alisema. "Usipumzike sana lakini. Naona hao samaki wameshakula tena."

Nikainama kuchota.