Mzazi wa Shirimatunda

Leo nimeadhirika. Nimeadhirika mbele ya wanawake kumi na mmoja, saa nane mchana, nikiwa kitandani na kanga imefungwa kuanzia kidevuni hadi utosini. Nawaandikia haraka kutoka duka la intaneti hapa mjini kabla hamjasikia kwa mtu mwingine. Maana mtasikia tu.

Mnakumbuka ubishi wetu wa wapi pazuri kuishi, Dar au Moshi. Miaka miwili nawaandikia kutoka huku nikiwatambia. Mji msafi. Natoka nyumbani Shirimatunda nafika kazini chai bado ya moto tumboni. Parachichi zinaanguka zenyewe. Nyie mkawa mnanijibu neno moja tu: Dar mtu anaishi maisha yake, hakuna anayejua jana ulikula nini. Nikawa nawacheka. Sasa sikilizeni.

Jumapili nilialikwa ubatizo, nikapewa nyama ya mbuzi, nikataka kuonyesha kwamba nami ni mwenyeji. Nikaung'ata mfupa. Mfupa ukabaki mzima. Jumatatu asubuhi daktari akang'oa meno yangu mawili ya mbele, akaniambia shavu litavimba siku nne tano hivi, nile vitu laini, nikande kwa kitambaa na maji ya moto.

Meno si tatizo. Tatizo ni Jumamosi. Jumamosi hii mjomba wangu anakuja kutoka Dar, ananipeleka Masama kujitambulisha kwa wazazi wa Anjela. (Anjela ndiye yule mwalimu niliyewatumia picha yake, mkasema nimemwazima.) Mama yake sikuwa nimewahi kukutana naye. Baba yake nilishamwona mara moja, na hakunificha kitu. Alisema kijana wa Dar humjui kwao, hujui analala wapi, leo yupo kesho hayupo. Mimi nimekulia Tandika. Sina kihamba, yaani shamba la ukoo, sina mgomba hata mmoja, sina mbuzi. Kitu pekee nilichotegemea kukipeleka Masama kilikuwa sura.

Nikaamua kujificha. Nikamtumia Anjela ujumbe kwamba nimeitwa Dar kikazi, narudi Ijumaa. Kazini nikaomba ruhusa ya ugonjwa. Nikafunga mapazia, nikamwita mwenye nyumba wangu, Mama Ndeshi, mjane anayesali kila asubuhi na asiyejua kusema uongo. Nikamwomba aape kwamba hatamwambia mtu yeyote kwamba nipo ndani.

"Nimeapa," akasema. "Lakini utakula nini, baba?"

"Chochote laini."

"Basi ni mtori."

Mtori wenyewe mnaujua, ndizi na nyama vinachemshwa mpaka vinapondeka. Mama Ndeshi haupiki kidogo. Kila siku alikwenda sokoni kununua ndizi mshare, nyama ya mbavu na siagi ya kienyeji. Kila siku mara tatu alivuka ua na sufuria iliyofunikwa, akaingia chumbani kwangu, akafunga mlango. Akirudi anakuja na beseni la maji ya moto. Vitambaa vya kukandia nilivichana kutoka shuka langu jeupe, yeye akawa anavifua na kuvianika kambani, vyeupe, vya mraba, vimepangwa vizuri. Na mimi ndani naugulia, kwa sababu shavu linauma, jamani. Hasa akinikanda.

Jumanne Anjela akaniandikia: "Dar joto?"

Nikamjibu: "Kali sana." Nilikuwa nimevaa sweta mbili. Mwezi huu mlima umejifunika hata haujaonekana wiki nzima.

Mimi nilijiona mjanja. Sikujua huko nje watu wanahesabu. Mtori kila siku, na si bakuli, sufuria. Siagi ya kienyeji. Maji ya moto kwenye beseni. Sauti ya mtu anayeugulia. Nepi kambani. Huku kwa Wachagga mwanamke akijifungua anafungiwa ndani miezi mitatu, analishwa mtori, anakandwa maji ya moto, hagusi kazi. Sasa mwambieni mtu wa huku kwamba kwenye hicho chumba kuna mwanaume ameng'olewa meno. Hata mimi nisingeamini.

Jana jioni jirani mmoja akamuuliza Mama Ndeshi moja kwa moja: "Nani amelala kwa yule kijana?"

Nilikuwa nasikiliza dirishani. Mama Ndeshi akasema kwa heshima zote: "Siwezi kusema. Nimeapa."

Nikafurahi. (Naapa, nilifurahi. Nikajiambia, huyu ndiye mama.)

Leo sasa. Asubuhi Anjela hakuniandikia. Saa sita nikamtumia salamu, kimya. Nikadhani mtandao. Saa nane kasoro nikajilaza na bakuli langu la mtori kifuani, kanga ya Mama Ndeshi imenibana taya kitambaa cha moto kisidondoke. Nikasikia miguu uani. Mingi. Kisha sauti ya mama mtu mzima, taratibu kabisa:

"Hodi hapa. Nimetoka Masama. Nimekuja kumwona mzazi."

Bakuli likanimwagikia.

Halafu majirani wakafanya jambo ambalo sitawasamehe mpaka kesho. Wao walimwona mama mgeni, kavaa vizuri, kapu mkononi, anaulizia mzazi. Wakajua huyo ndiye mama wa binti aliyejifungua, amekuja kumlea mwanawe. Walikuwa wanangoja tu ndugu mmoja atokee ili nao wapate njia ya kuingia. Vigelegele vikapigwa. Mmoja akatoka na mkungu wa ndizi, mwingine chupa ya uji, mwingine siagi kwenye kikombe. Nikamsikia mama wa Anjela anapewa hongera ya mjukuu, na anaitikia, "Asanteni, asanteni," kwa sauti iliyonyauka.

Mama Ndeshi akajaribu. Nampa haki yake, akasimama mlangoni mikono imetanuka. "Jamani, msiingie. Nimeapa."

Kosa hilo. Watu hawajawahi kuambiwa hivyo wakarudi nyumbani.

Mlango ukafunguliwa. Mbele mama wa Anjela. Nyuma yake shangazi wa Anjela. Nyuma ya shangazi, Anjela mwenyewe. Halafu Shirimatunda nzima. Mimi nimejifunika blanketi hadi puani, nadhani nilifikiri wataondoka. Shangazi akalishika blanketi upande wa miguuni, akalivuta lote kwa mkupuo mmoja.

Akabaki nalo mkononi.

Nimekaa hapo, shavu moja limekuwa mawili, kanga ya maua kichwani, mtori umetapakaa kwenye sweta. Mama akanitazama. Akatazama kila pembe ya chumba. Shangazi akainama akachungulia chini ya kitanda. (Kuna viatu tu, na chokaa ya bwawa la samaki nililotaka kuanzisha, hiyo habari nyingine.) Nikaona niseme kitu. Nikafungua mdomo nisalimie.

"Shikamoo, mama."

Upepo ukapita mahali palipokuwa na meno. Wote wakaona.

Mama akaweka kapu chini, akavuta pumzi ndefu.

"Marahaba," akasema. "Hongera, mzazi. Mtoto wa kike au wa kiume?"

Hapo nyumba ikavunjika kwa kicheko. Yule wa uji aliegemea ukuta, yule wa mkungu akauketia mkungu wenyewe. Mama Ndeshi peke yake hakucheka, alikuwa ananiambia, "Sikusema, baba. Mimi sikusema."

Mimi nilimtazama Anjela. Macho yake yalikuwa mekundu. Alikuwa amelia tangu asubuhi, na sasa hakujua kama acheke au anipige. Kanga haikuniumiza, mapengo hayakuniumiza. Yale macho ndiyo yaliniumiza. Alikuwa amekaa Masama anaambiwa mchumba wake ana mke na mtoto amewaficha chumbani, na simu yake ina ujumbe wangu unaosema Dar joto kali.

"Umenidanganya," akasema.

"Nimekudanganya. Nilitaka baba yako anione mzima."

"Kwa hiyo ukaona afadhali asikuone kabisa?"

Nikashika shavu.

Sasa mnanijua, mimi nikikwama naanza kuuliza maswali. Nikawauliza: lakini ninyi, mama, huko Masama mlisikia kwa nani? Nilikuwa nataka kujua kweli. Kutoka hapa hadi Masama kuna barabara kuu, kuna Bomang'ombe, halafu kuna kupanda. Wakaanza kukumbuka, mmoja anamsahihisha mwingine. Jirani yangu alishangaa nepi, asubuhi akamwambia muuza mshare. Muuza mshare akasema, ndiyo maana yule mama ananunua mkungu mzima. Pembeni kulikuwa na mama wa Bomang'ombe aliyeleta mzigo, akaondoka na neno hilo. Bomang'ombe akalikabidhi kwa mtu wa Masama pamoja na kilo mbili za sukari. Mtu wa Masama ni wa jumuiya moja na mama wa Anjela. Lilipotoka kambani ilikuwa saa moja. Saa nne mama alikuwa anavaa viatu. Saa tatu tu, jamani, na nusu ya njia ni mlima. Barua pepe yangu ya mwezi uliopita nyie mliisoma baada ya siku sita.

Mama alisikiliza yote hayo amekaa ukingoni mwa kitanda changu. Halafu akachukua bakuli, akaenda mwenyewe kwenye sufuria, akanichotea.

"Nikuulize mimi sasa," akasema. "Huko kwenu Dar, ungejifungia siku nne hivi, nani angekuja?"

Nikakumbuka malaria ya kile chumba cha Sinza. Nililala nimeacha redio inaimba, sina nguvu ya kuizima. Siku ya tano jirani akabisha hodi. Alikuja kuniambia nipunguze sauti. Jina lake sikuwahi kulijua.

"Angekuja mtu," nikasema. "Ila si na uji."

Akanipa kijiko. "Kula. Sema aika."

"Aika, mama," nikamshukuru kwa Kichagga.

Nikala mbele yao wote kumi na mmoja, wamesimama kuhakikisha. Anjela akaanza kucheka kwenye kijiko cha tatu. Alicheka huku anajifuta machozi, akanifungua kanga akaifunga upya, akasema hata kufunga kanga sijui.

Walipokuwa wanaondoka mama alisimama kwenye ua wa Mama Ndeshi, akachuma jani la isale, akanipa. Huku ukimkosea mtu ukampelekea isale ya kuomba radhi, hawezi kukukataa. Nikamwambia nimeshaelewa, nimpe Anjela. Akatikisa kichwa.

"Anjela ameshakusamehe, ni mjinga. Hili umpe mzee Jumamosi. Ameshasikia una mtoto, na ameshachagua jina."

Kwa hiyo Jumamosi nakwenda Masama bila meno, jani mkononi, kumwomba radhi mzee kwa kumnyima mjukuu. Atauliza tutakaa wapi. Nimeshaamua nitamwambia Moshi. Mkitaka kujua kama ni pazuri kuliko Dar, bado nachunguza.

Nimetembea hadi hapa mjini na skafu usoni, nikachagua hili duka kwa sababu sijawahi kuingia. Dada wa hapa hanijui, simjui. Amenionyesha kompyuta, akaniwashia, akaniinamia sikioni:

"Pole na meno, kaka. Ya mtoto tumeambiwa si kweli."

Nawaomba msicheke. Na mkishindwa, fungeni madirisha kwanza.