Kisu Nilichokichagua kwa Macho Yaliyofumbwa

Jamani, leo sina pa kuuficha uso. Na kisa chenyewe ni kisu. Kisu kimoja cha kukunja, cha bei ya chini, cha kukaa mfukoni!

Mambo yako hivi. Nataka kumuoa Kiden wa Koboko. Anayesema kwa niaba ya ukoo wao ni mjomba wake, Anko Taban. Wiki iliyopita alinikabidhi kisu chake cha zamani, chenye mpini wa mbao. Mkononi kinakaa vizuri sana, lakini ukikikandamiza kinajikunja chenyewe na kukung'ata kidole.

"Kijana, tafutia mimi mupya kama hii, lakini ile haijikunji," akaniambia. "Na kisu hapana nunua kwa macho. Shika kwanza. Mutu hajui kuchagua kisu, atachagua bibi namna gani?"

Mnauona huo mtihani? Nikaangalia video za visu kwenye simu wiki nzima (kwa bando la Kiden). Jana nikausugua mpini wa kile kizee kwa mafuta ya kupikia mpaka ukang'aa, ili kisinitie aibu madukani. Kukifungua sikukifungua. Vidole vyangu bado navipenda.

Asubuhi nikatoka Awindiri kwa miguu hadi mjini Arua. Duka la kwanza, visu vimefungwa ndani ya plastiki ngumu.

"Naomba nikishike kidogo."

"Lipa kwanza, halafu utashika."

"Na kikiwa kibaya?"

"Basi utajua iko mbaya."

Duka la pili, visu viko ndani ya kabati la kioo, ufunguo uko kwa bosi, na bosi yuko msibani. Duka la tatu nikatoa cha anko mfukoni ili nilinganishe. Askari wa mlangoni akaruka na rungu. "Wewe! Weka chini!" Nikaweka chini. Mikono nikaiinua juu bila kuambiwa. Mama mmoja aliyekuja kununua sufuria akaanza kuomba Mungu kwa sauti. (Namfahamu. Tunasali naye kanisa moja kule Mvara. Jumapili sijui nitakaa wapi.)

Nikapanda gari la Koboko, roho imenyong'onyea. Lakini sokoni, Mungu si Athumani! Mama mmoja ametandika turubai: kufuli, tochi, betri, na rundo la visu vya kukunja, mipini ya mbao, sawasawa na cha anko.

"Mama, naruhusiwa kushika?"

"Shika! Kisu iko ya kushika. Kwani iko picha?"

Nilitaka kumkumbatia. Nikaweka cha anko pale kwenye turubai, kiwe kielelezo. Nikashika kimoja, kizito. Kingine kinakwaruza. Vijana wa boda wakasogea kutazama, na hapo kichwa kikaanza kuvimba. Nikamkumbuka yule jamaa wa kwenye video.

"Fundi wa visu hachagui kwa macho," nikawatangazia. "Mkono ndio unajua!"

Nikafumba macho. Nikawa napapasa kimoja kimoja, natikisa kichwa kama daktari. Hiki hapana. Hiki hapana. Mpaka nikashika kimoja, jamani, kikatulia mkononi kama tumezaliwa pamoja.

"Hiki!"

Mama akanitazama. "Hii? Una hakika?"

"Mama, mimi visu navijua."

"Haya, baba."

Nikakifungua. Karibu na mpini pameandikwa herufi T. "Mnaona? Hata chapa ya kiwanda ipo!" Vijana wa boda wakapiga makofi. Nikavutana bei na yule mama mpaka jasho likanitoka, nikalipa, akakifunga kwenye gazeti. Nikaondoka nimetanua kifua.

Njiani nikapapasa mfuko. Kile cha zamani hakipo! Nimekisahau kwenye turubai. Nikasema haidhuru, kipya si ninacho?

Anko nilimkuta barazani na wazee wawili wa ukoo. Nikampa zawadi yake kwa mikono miwili.

"Na ile yangu ya zamani iko wapi?"

"Anko, ile niliacha sokoni. Ilikuwa takataka."

Akafungua gazeti. Akakandamiza kisu kwenye mguu wa kiti. Kikajikunja, ta! Akanyonya kidole.

"Hii takataka," akasema taratibu, "mimi natembea na yeye toka Kongo. Na hii T iko Taban. Nilichora mimi, na musumari."

Mzee mmoja alicheka mpaka kofia ikamdondoka. Nikajaribu kueleza. Nilivyozidi kueleza ndivyo walivyozidi kucheka (habari ya kufumba macho, heri ningeinyamazia). Nikaona mke anaponyoka hivi hivi, kwa ajili ya kisu. Moyo uliniuma kweli.

Anko akajifuta machozi. "Ngoja. Mupya zote zilikuwa pale?"

"Ndiyo, anko."

"Macho ilikuwa imefungwa?"

"Ndiyo."

"Na mukono ikaacha mupya zote, ikachukua ya zamani?"

"Ndiyo, anko."

Akawageukia wazee. "Basi huyu, mutoto yetu akizeeka, hatamwacha. Jumamosi alete wazee yake."

Nilitaka kulia kwa furaha! Kumbe Kiden amesimama mlangoni na sinia la chai, amesikia yote.

"Kwa hiyo mimi ndio kisu ya zamani?"

"Hapana, mpenzi! Wewe ni mpya!"

"Mupya si aliacha kwa soko," anko akasema, na wazee wakaanza upya.

Basi Jumamosi naenda na wazee wangu, lakini Kiden simu hapokei. Na anko bado anataka kisu. Anayejua duka linaloruhusu kushika kabla ya kulipa aniambie, safari hii nitakodoa macho yote mawili. Kucheka chekeni, ila mchekee huko huko kwenu.