Mtungi wa Marehemu Baba

Jumamosi, 4 Mei
Shangazi ameamua! Mtungi wa kioo wa marehemu baba, ule aliotengenezea mvinyo wa zabibu kila mwaka, atapewa mmoja wetu: mimi, au mdogo wangu, mwalimu wa kemia. Kila mtu atengeneze wake. Atakayemrudishia ladha ya kaka yake, ndiye. Kasema tuonje tarehe 25. Umri wake hauna subira. Nimecheka moyoni. Mimi ndiye niliyekuwa nikimshikia baba kichujio! Mwenzangu alikuwa bado ananyonya kidole.

Jumapili, 5 Mei
Nimeponda zabibu kilo sita kwa mikono, ndani ya ndoo. Sukari, maji, hamira. Kiasi gani? Baba hakupima. Alikisia huku akipiga mluzi. Nami nimekisia, nikapiga mluzi. Mke wangu akauliza kama hiyo si ndoo ya kudekia. Ndiyo. Lakini nimeiosha! (Mara moja.)
Vidole vyangu vimekuwa vya zambarau. Nimevitazama muda mrefu. Vya baba kabisa.

Jumatano, 8 Mei
Ndoo inachemka bila moto! Nimetega sikio: tss, tss. Zamani baba alituita, tukabana mashavu kwenye kioo cha mtungi, akatuambia zabibu zinasimulia zilikotoka. Nimepiga magoti sakafuni kitambo, hadi mke wangu akaniruka kwenda jikoni.
Mdogo wangu kapiga simu. Ana kipimajoto. Ana daftari. Mjivuni!

Jumapili, 19 Mei
Nimeonja. Mungu wangu! Siki. Machozi yamenitoka, wala si ya kumbukumbu. Kumbe taulo nililofunikia ndoo halizuii vijidudu.
Nikaenda kwa mdogo wangu kumjulia hali, yaani kupeleleza. Kanionjesha kijiko kimoja. Mtamu, laini, kama wa dukani! Nimerudi kwa miguu, nikiwaza. Chupa zake ni kama zangu. Tofauti ni karatasi ya jina tu...

Jumamosi, 25 Mei
Chupa mbili juu ya meza ya jikoni kwa Shangazi. Shangazi na mdogo wangu wako sebuleni. Dakika mbili, nikabadilisha karatasi. Kazi safi!
Shangazi akaonja ya “kwangu”. Akasema si mbaya, inafaa wageni. Akaonja ya “mdogo wangu”. Akakunja uso, akafumba macho. Nikajiandaa kumpa mwenzangu pole.
Shangazi akalia!
“Ndiyo hii,” akasema. “Siki tupu! Kaka yangu hakupatia hata mwaka mmoja. Nyinyi mama yenu alikuwa anawachanganyia asali.”
Akaleta asali. Nikaonja. Papo hapo ikawa Jumapili mchana, baba kasimama mlangoni na kijiko, sisi tumepanga foleni ya watu wawili. Nikalia kuliko Shangazi. Mdogo wangu akaonja, akaitazama chupa, akanitazama mimi. Kisha akapokea mtungi kwa mikono miwili.
Nami nikapiga makofi.

Jumapili, 26 Mei
Nimetafakari kwa kina. Kosa langu ni moja tu: nilibadilisha karatasi badala ya kubadilisha mtungi. Duka la vyombo vya mitumba wanao unaofanana nao kabisa! Jumanne mdogo wangu anasimamia mitihani kutwa. Mkewe nimemwambia nitapita kurekebisha bomba lao. Kashukuru sana. Kasema ufunguo ataniachia dirishani. Mimi ni mtu wa kuaminika.