Mwenyeji wa Meza ya Karata

Jumatano, 4 Machi
Nimeanza kazi kubwa. Mchezo wa karata wa mtandaoni, watu wanne, kila mmoja nchi yake. Utachezwa kwenye vikompyuta vya mkononi vinavyotumia mfumo wa Linux ambavyo binti yangu ametununulia: mimi, rafiki zangu wa zamani Fundi Saa na Mkunga, na shemeji yangu, kaka wa marehemu mke wangu. Kifaa chenyewe ukubwa wake ni kama kipande cha sabuni ya kufulia. Zamani tulikaa meza moja kila Jumamosi, kwenye baraza ya shemeji. Kisha tukatawanyika, na meza haikukaa tena. Sasa shemeji kalazwa. Jumatatu anapasuliwa moyo. Anataka tucheze kabla ya hapo. Nimemwambia mchezo uko tayari. Hauko. Kuna jina tu, na rangi ya kitambaa cha meza.

Alhamisi, 5 Machi
Mimi napanga, binti anaandika programu. Nilipoueleza hivyo mgawanyo wa kazi, aliguna. Anashauri meza, yaani programu inayotuunganisha sote, ikae kwenye mashine yake, inayowaka muda wote. Nimekataa. Itakaa kwenye kifaa changu. Nimekuwa mgeni katika nyumba za watu miaka mingi mno; safari hii nataka kuwa mwenyeji. Akaniuliza, na mwenyeji akizima katikati ya mchezo je? Nikamjibu kwamba mtu mwenye adabu hazimi. Akasema, “Haya, baba,” kwa sauti ileile ya mama yake.

Maneno yatakayotokea kwenye kioo cha kifaa nimeyatunga mwenyewe. Sikusahihisha magazeti maisha yangu yote ili nije kuvumilia lugha ya ovyo nyumbani. Mtandao ukipotea: “Subirini, njia imekatika.” Mwenyeji akizima: “Mwenyeji ameinuka mezani kwa hiari yake.” Binti anaona ujumbe mmoja ungetosha. Nikamfafanulia tofauti, kwa kirefu. Alikuwa anakula.

Jumamosi, 7 Machi
Binti alimaliza alfajiri. Jioni tukakaa, sauti zote nne. Fundi Saa bado anakohoa kabla ya kudanganya. Mimi na yeye upande mmoja, shemeji na Mkunga upande wa pili. Shemeji alicheka mpaka muuguzi akaja kuuliza kuna nini.

Tulianza kufungwa mapema. Mkunga akaniuliza kama karata nazicheza au nazipiga pasi. Shemeji naye: “Mwenyeji gani wewe, wageni wameshiba, mwenyewe unalala njaa?” Wakacheka wote, hata Fundi Saa, mwenzangu. Shemeji alibakiwa na karata moja, na nilijua ni ipi: ya kutumaliza.

Nikazima.

Kisha nikampigia simu shemeji. Nikalaumu mtandao wa mtaa huu, nikalaumu mafundi wanaochimba barabara. Akauliza taratibu, “Umeinuka, shemeji?”

Hapo ndipo nilipokumbuka. Wote watatu walikuwa wameisoma sentensi yangu, safi, bila kosa hata la nukta.

Jumapili, 8 Machi
Sitamani hata kujitazama kwenye kioo cha kunyolea. Binti kaleta chai, kaiweka, kaondoka. Mkunga ameandika: “Umemwacha mgonjwa na karata mkononi.” Nimeandika barua za kujieleza, zote zina sarufi nzuri na zote za uongo. Nikazifuta.

Mwishowe nikampigia shemeji, nikamwambia nilizima mwenyewe, sikuweza kushindwa kwenye meza yangu. Hakunikemea. Alisema alikaa na kile kifaa kifuani mpaka wakazima taa za wodi, akidhani huenda ndiyo karata yake ya mwisho na hatapata kuitupa. Sikuwa na pa kuuweka uso.

Akasema nifungue meza, anataka kuitupa.

Binti akaihamishia meza kwenye mashine yake. Sikubisha. Mchezo ulikuwa palepale tulipouacha. Shemeji akaitupa karata. Ilikuwa ileile. Tumefungwa vibaya. Nikapiga makofi peke yangu chumbani, na niliyapiga kwa moyo wote.

Jumanne, 10 Machi
Shemeji katoka salama kwenye upasuaji. Leo nimesikia sauti yake, nyembamba kama uzi: tuandae meza. Nikageukia dirishani kwa muda, binti asinione.

Daktari kamwonya asisisimke. Jambo hilo nimelitafakari kwa makini tangu asubuhi, na nimeshampelekea binti mpango mpya. Kwa ajili ya afya ya shemeji tu, programu isimgawie karata kubwa.

Binti kauliza hizo karata kubwa zitakwenda kwa nani.

Nimemjibu kwamba, kwa busara ya kawaida, ziende kwa mtu mwenye moyo imara.