Uzio wa Koko na Ndoo ya Chokaa

Jumatatu, 14 Oktoba 2024

Uwase amerudi Kamembe! Chuoni anasomea mimea ya dawa. Alisimama kwenye cherehani yangu, buti zimejaa matope ya Giheke, akanisimulia uzio wa mimea wa maman mmoja kule: umuravumba wa kikohozi, umubirizi wa homa, na mingine sikushika majina. Alisema bantu wanadhani dawa zote ziko msituni Nyungwe, kumbe wazee walizipanda mlangoni. Sijaona muntu anapenda majani namna ile. Huyu nitamuoa.

Shida ni Christophe-Aimé, muuza vitenge wa Bukavu. Anamzungukia, viatu vinang'aa.

Uwase anatafuta uzio wa zamani, ndio utafiti wake ukamilike. Nikamwambia koko wangu, aliyemzaa papa, Mungu amrehemu, alituachia mmoja. Uwase atakuja kuuona Ijumaa.

Jumatano, 16 Oktoba

Nimeutazama uzio wenyewe. Aibu! Majani yanapandana, mengine yananuka. Kwetu mgeni akija, kwanza unafyeka. Nimefyeka mpaka mgongo ukagoma. Nimebakiza mti mmoja wenye maua mekundu, nimepanga mawe, nimeyapaka chokaa.

Mkuu wa mudugudu, Mzee Nzabonimana, alipita akanisifu, akasema majirani wote waje kujifunza kwangu. Maziwa ya umuyenzi, mti mmoja wa uzio niliokuwa nakata, yaliniruka jichoni, limevimba. Naona nusu ya uwanja, lakini nusu hiyo ni safi.

Ijumaa, 18 Oktoba

Uwase alifika baada ya swala. Akauliza uzio uko wapi. Nikamwonyesha mawe.

Alikaa juu ya jiwe, sketi ikapata chokaa, machozi yakamtoka. Alisema mti niliobakiza ndio pekee usio dawa.

Halafu akaliona rundo mtaroni. Akashuka, akaanza kuokota tawi moja moja, akiliita kila moja kwa jina lake. Aliponinusisha umuravumba nikamkumbuka koko: sufuria ya moto, blanketi kichwani, mimi mtoto nakohoa chini yake. Kumbe aliupandia kifua changu. Nilisikia uchungu kweli. Na Uwase nikampenda zaidi.

Christophe-Aimé akatokea, kama kawaida yake. Alikunja suruali, akabeba matawi kichwani, viatu vyake vyote matope. Uwase akamcheka vizuri. Mimi sikubeba kitu, sababu ya jicho.

Jumapili, 20 Oktoba

Vipande vya matawi vimepandwa nyuma ya nyumba ya mama yake Uwase, Maman Mukandori, na mvua imenyesha. Miti ya ajabu hii! Unaikata, unaitupa mtaroni, na bado inataka kuishi ikuponye wewe uliyeikata. Koko alijua kuchagua.

Uwase amenisamehe. Alisema vikishika, utafiti wake umepona. Vikifa, mwaka mzima umepotea. Kesho anakwenda Rwimbogo, Christophe-Aimé atamsaidia kubeba mizigo. Lakini ufunguo wa geti kapewa nani? Mimi! Nimwagilie maji. Maji tu, alirudia, akanishika mkono. Nimeapa.

Jioni nimepita kukagua. Vingine vizuri, lakini vingi havina hata jani, vimesimama kama kuni. Uwase atoke Rwimbogo amechoka, akute kuni? Hapana. Kesho asubuhi nang'oa vyote vibaya, napanga mawe. Chokaa ilibaki nusu ndoo.