Mbuzi wa Maabara ya Kilole

Jumatatu, 14 Julai

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wa Maabara Dakta Ikram, watafiti, watumishi wenzangu, mabibi na mabwana.

Hivyo ndivyo hotuba yangu ya Ijumaa itakavyoanza. Imekamilika. Yamebaki matokeo tu.

Dakta ametangaza kwamba atakayepata mstari safi ndiye atakayesimama mbele ya wageni. Ni mimi au mtafiti mwenzangu Getruda. Ndani ya seli kuna protini inayokata na kuunga ujumbe wa RNA. Hatuioni kwa macho. Tunaisaka kwa kingamwili iliyotengenezwa ndani ya mbuzi. Kisha kingamwili ya pili huitafuta hiyo ya mbuzi na kuionyesha kwa mstari mweusi kwenye utando, kile kikaratasi chembamba cha kupimia. Kila mmoja amegawiwa kichupa kimoja cha kingamwili. Getruda amekificha chake kwenye friza kama dhahabu ya bibi harusi!

Jumanne, 15 Julai

Utando huogeshwa kwanza, ili kingamwili isishike ovyo. Getruda anasisitiza jelatini ya samaki, itakayofika Alhamisi kwa basi. Mimi nisubiri samaki? Kwa vipimo vingine tunatumia maziwa ya unga. Nimefungua kabati. Kopo tupu. Sitamtaja aliyekuwa akiyatia kwenye chai. Ilikuwa chai nzuri.

Nimepata wazo. Kubwa.

Jumatano, 16 Julai

Handeni, kwa shangazi Mwaija. Nimemwamkia, nikaomba maziwa ya mbuzi. Kingamwili ya mbuzi, maziwa ya mbuzi: ukoo mmoja, wataelewana! Shangazi akauliza mtoto ni wa nani. Nikamweleza kwa ufasaha kwamba ni ya kuogeshea utando. Akanigusa paji la uso, akasema pole baba, nipunguze kusoma.

Jioni nikarudi maabarani Korogwe. Utando umeoga, kichupa nimekimimina chote. Nalala kwa amani.

Alhamisi, 17 Julai

Mstari haupo. Utando mzima mweusi, kama sufuria ya msibani!

Nilimweleza Dakta kwamba huenda protini imejaa kila mahali. Aliuinua utando dirishani, akaurudisha mezani. Nilichukulia kwamba amevutiwa. Getruda akauliza, eti kaka Sufiani, ile kingamwili ya pili inatafuta nini? Nikajibu, mbuzi. Akauliza utando niliuogesha kwa kitu gani. Nikajibu kwa heshima, maziwa ya mbuzi wa shangazi. Akacheka mpaka akashika meza: basi imempata, kaka, maziwa nayo yamejaa kingamwili za mbuzi, umeitumbukiza kwenye zizi zima!

Samaki wake wamefika.

Ijumaa, 18 Julai

Mstari wa Getruda: mmoja, mwembamba, safi. Amezungumza vizuri, ingawa itifaki aliiruka yote. Mimi nilikabidhiwa chai. Ya rangi. Mgeni Rasmi akauliza kama kituo hakina maziwa. Dakta akanitazama.

Nimetafakari kwa kina. Kosa halikuwa langu; lilikuwa la umbali. Mbuzi yuko Handeni, kazi iko Korogwe.

Kwa hiyo, ndugu wajumbe, naazimia kwamba kituo kifuge mbuzi wake. Asubuhi tumkamue kingamwili, jioni maziwa ya chai. Kamati ya Mbuzi iundwe Jumatatu. Uenyekiti nimekwisha kuukubali. Wajumbe waje na majani mabichi.

Wanaoafiki waseme ndiyo. Waseme mapema: mbuzi yuko njiani, kwa bodaboda.