Shule Isiyofiwa na Mnyama

Kwa heshima na taadhima, nautangazia umma wa Pwani, wenye mifugo na wasio na hata kuku, kwamba Mchepuo Maalumu wa Sayansi na Tiba ya Mifugo wa Sekondari ya Mtoni Mkavu haujapata kufiwa na mnyama hata mmoja tangu uasisiwe. Si mbuzi, si kondoo, si bata. Shule zenye maabara za vioo na walimu wa miwani zinafiwa kila muhula. Sisi hatufiwi. Jina langu ni Mwinyimvua, Mratibu wa Mchepuo, na ufunguo wa kabati la dawa ninao mimi, shingoni, mahali ambapo wengine huvaa hirizi.

Watu wa Mapinga, ambao hawaamini kitu mpaka waone hati ya kiwanja, huniuliza siri yetu ni nini. Hakuna siri, ni utaratibu tu. Unaitwa Mwongozo wa Kuwahi, na umetiwa saini na Kamishna wa Michepuo Maalumu mwenyewe, Mheshimiwa Bwanausi. Unasema hivi: kiumbe yeyote atakayelala chini ndani ya eneo la mchepuo, akaitwa mara tatu asinyanyuke, awahiwe kisu kabla hajawa kibudu, bila kujali umri, jinsia wala cheo. Anayewahi ni Mikdad, mchinjaji wa Dunda, ambaye kwenye nyaraka zetu ni Mtaalamu Mshauri wa Hatua ya Mwisho. Akipigiwa simu anarukia bodaboda, na hajachelewa hata siku moja.

Mnyama akishawahiwa, hatusemi amekufa. Amekufaje, naye amechinjwa kihalali, kaelekezwa kibla, kaliwa kwa shukrani? Tunasema amehitimu. Ndiyo maana fomu yetu ya takwimu ina mafungu mawili tu, Mzima na Mhitimu, na kila mwenye akili timamu anaelewa.

Hayo maneno "wala cheo" tuliyaongeza baada ya lile beberu la diwani. Beberu lilipolala, walimu waliogopa kuligusa kwa sababu ya mwenyewe. Wakaanza kupiga simu kuomba ruhusa, na beberu la watu likafa simu ikiwa bado inaita. Lakini takwimu haikuharibika, ng'o! Siku ileile tuliusogeza uzio hatua chache, ikawa kitaalamu beberu limefia nje ya shule. Upande wetu huu mipaka husogezwa kwa mambo ya kipuuzi zaidi ya hayo.

Sasa, penye neema hapakosi kero. Kero yetu ni Mwalimu Dija. Alitujia kutoka Morogoro na shahada yake ya tiba ya mifugo, mtandio kaufunga barabara, na maradhi sugu ya kuomba ufunguo.

"Shikamoo, Mratibu."

"Marahaba. Ufunguo sina."

"Si huo hapo shingoni?"

"Huo uko kiofisi, Mwalimu. Kiofisi na mkononi ni vitu viwili."

Nilimweleza kwa upole, maana mimi ni mtu wa subira, kwamba dawa ikitoka kabatini ni ushahidi kuwa palikuwa na mgonjwa. Na mgonjwa hana fungu kwenye fomu. Tutamwandika wapi, pembeni?

"Na dawa zikiisha muda wake?"

"Dawa nazo zina haki ya kustaafu."

Akasonya. Ndiyo, alinisonya mimi, mtu mzima. Akarudi darasani kufundisha sindano kwa kuichora ubaoni. Kwa kuwa mimi si mkatili, niliwaruhusu wanafunzi wadunge mapapai. Waliyadunga vizuri sana, na katika ripoti yangu niliandika kwamba mapapai yote yanaendelea vyema.

Basi ikatangazwa Sherehe ya Takwimu. Kamishna atakuja mwenyewe, na wageni wake, kuutangazia ulimwengu kwamba Mtoni Mkavu hakuna kifo wala ugonjwa. Maandalizi yakaenda motomoto mpaka tulipogundua dosari ndogo: hatukuwa na mnyama. Wote walikuwa wamehitimu, na kondoo wa mwisho ndiye aliyeandikwa kwenye pilau ya wageni.

Nikamkumbuka Shufaa, mwanafunzi wa kidato cha sita, binti wa Miono. Mama yake ana ng'ombe mmoja, Tunu, mwenye mimba pevu. Nikaenda Miono mwenyewe. Mama Shufaa akanikaribisha mkekani, akanipa maji, akasikiliza, kisha akasema, "Mwanangu, baba yake Shufaa ametuacha na Mungu na ng'ombe huyu. Maziwa yake ndiyo yanayowavisha wanangu viatu. Nikikupa, atarudi?"

"Mama," nikasema, "Mtoni Mkavu hajapata kufa mnyama."

Uongo uko wapi hapo? Mama wa watu akatabasamu. "Basi na azalie huko kwa wataalamu. Kisha unirudishie, yeye na ndama wake." Tukapeana mkono.

Tunu alizaa salama siku moja kabla ya sherehe, ndama jike, mwekundu, masikio kama majani ya mkorosho. Asubuhi tukamfunga Tunu mbele ya jukwaa, na utepe kwenye pembe. Turubai likasimama, spika zikanguruma, wageni wakaketi, pilau ikapita. Kamishna alikuwa amevaa suti ya vipande vitatu, vifungo vyote vimefungwa, katika jua la Bagamoyo ambalo hata mbuzi hulikimbia. Alikuwa kwenye sahani ya pili nilipomwona Tunu anayumba. Akapiga magoti. Akalala. Shingo akaipinda ubavuni, macho yamelegea.

Shufaa alikimbia akapiga magoti kando yake. Mwalimu Dija akaja, akamshika masikio.

"Ya baridi," akasema. "Homa ya maziwa hii. Madini yote yamekimbilia kwenye maziwa ya ndama, damu imebaki haina kitu. Si maradhi ya kufa haya, Mratibu. Chupa moja ya kalsiamu mshipani, polepole, anasimama. Nipe ufunguo."

"Mwalimu, wageni wanatazama."

"Na watazame!"

"Mratibu," Shufaa akasema, "mama ana ng'ombe huyu tu. Nitarudi Miono na nini? Na utepe?"

Nilihisi kitu kinanichoma kifuani. Nikakigusa, ulikuwa ufunguo, umepata moto kwa jua. Nikapanda jukwaani nikamnong'oneza Kamishna.

"Mheshimiwa, yule ng'ombe wa mfano ameanguka. Mwalimu anaomba tufungue kabati."

Bwanausi akameza kwanza. "Mwinyimvua, mimi hapa nimekuja kutangaza nini?"

"Kwamba hatuna kifo wala mgonjwa, Mheshimiwa."

"Sasa ukifungua kabati mbele ya wageni nitatangaza nini? Hali ya hewa?" Akaisogeza sahani. "Mwongozo unasemaje?"

"Awahiwe."

"Basi unaniuliza nini? Kumbe nyama ipo, halafu mimi mmenipa shingo ya kondoo."

Nikampigia Mikdad. Hata sijarudisha simu mfukoni nikasikia bodaboda getini. Alikuwa ameshajikaribisha mwenyewe, kasikia kuna sherehe. Akateremka na visu vyake kwenye gunia, akawasalimu watu wote kwa adabu, akamtazama Tunu, akaanza kunoa kisu kwa kisu. Chwa, chwa, chwa. Mtu yule ana mkono mwepesi na hana maneno.

Nikamwita ng'ombe kwa mujibu wa mwongozo. "Tunu!" Kimya. "Tunu!" Kimya. Kabla sijaita mara ya tatu Mwalimu Dija akajilaza juu ya shingo ya ng'ombe.

"Haya, tuwahini wawili," akasema. "Mimi nimelala pia. Niiteni muone kama nitaitika."

Shufaa akalala upande wa pili, juu ya ubavu, anamkumbatia Tunu huku analia waziwazi. Jambo hili lilinichanganya. Mwongozo haukusema kama viumbe waliolala kwa mafungu wanaitwa mmojammoja au kwa pamoja. Nikamwomba Mikdad asubiri nitafakari.

Juu jukwaani, ili wageni wasitazame huku, Kamishna alikuwa ameshakamata kipaza sauti.

"Ndugu wageni! Takwimu hazidanganyi! Hapa Mtoni Mkavu ugonjwa tumeufuta! Tumeufuta kwa sera, kwa mikakati, kwa miongozo! Nani mgonjwa hapa? Namuuliza, nani..."

Akanyamaza. Akajifuta jasho. Akashika kola kama mtu anayetafuta mlango. Kisha, suti na sahani mbili za pilau na yeye mwenyewe, akateremka kutoka jukwaani bila kupitia ngazi, akalala chali kwenye mchanga, pua kwa pua na Tunu. Kipaza sauti alikuwa bado amekishika.

Wageni wakasimama. Hakuna aliyesogea. Sote tulikuwa tunasubiri maelekezo, na wa kutoa maelekezo ndiye aliyelala.

Aliyesogea ni Mikdad. Akaja kwa hatua za kazini, akamtazama Kamishna toka viatu hadi kitambi, akanigeukia.

"Mratibu," akasema, "na huyu naye?"

Wallahi sikuwa na nia mbaya. Lakini mimi ni mtu wa taratibu, na swali la kitaalamu hujibiwa kitaalamu. Nikautoa mwongozo mfukoni nikausoma tena kwa sauti: kiumbe yeyote atakayelala chini. Ndani ya eneo la mchepuo. Wala cheo. Saini ya chini ilikuwa yake mwenyewe, na wino wa kijani.

"Lazima kwanza aitwe," nikasema. "Mheshimiwa!"

Kimya.

"Mheshimiwa!"

Kimya. Mikdad, kwa mazoea tu, akapitisha kisu juu ya kisu. Chwa.

Kamishna akafungua jicho moja. Akakiona kisu, akamwona mwenye kisu, akaona kichwa chake kimeelekea kibla. "Mimi mzima!" akasema, na spika zote zikasema pamoja naye. "Mzima kabisa!"

"Basi simama, Mheshimiwa, tukuandike," nikamwambia.

Akajaribu. Kiwiko kikainuka, miguu ikakataa, akarudi chini puu.

"Hasimami," akasema Mikdad, kwa masikitiko ya kweli.

"Dija!" Kamishna akapiga kelele. Nilishangaa kwamba jina analijua; barua zote za Mwalimu za kuomba kabati lifunguliwe hakuwahi kuzijibu. "Mwalimu Dija! Waambie!"

Mwalimu Dija hakunyanyua hata shavu kutoka shingoni mwa ng'ombe. "Niwaambie nini, Mheshimiwa? Fomu ina mafungu mawili. Mzima umeshindwa. Limebaki moja."

"Kuna fungu jingine! Lazima liwepo jingine!"

"Lipo. Lakini ulilifuta sasa hivi, tumekusikia sote."

"Mgonjwa!" akalia Mheshimiwa Bwanausi, na sauti yake ikavuma hadi barabara kuu ya Dar, wauza mihogo wakageuka. "Mimi mgonjwa! Mwinyimvua, andika mgonjwa! Naumwa, jamani, naumwa! Fungueni kabati!"

Ilikuwa amri ya maneno, hadharani, kutoka ngazi husika. Nikauvua ufunguo. Kabla haujafika mkononi mwa Shufaa alikuwa ameshaupokonya na kuondoka mbio, na sijawahi kuona mwanafunzi anakimbilia ofisini namna ile. Akarudi na chupa na mpira. Mwalimu akatafuta mshipa, Shufaa akainua chupa juu kwa mikono miwili.

"Na mimi?" akauliza Kamishna kutoka chini.

"Wewe ni joto na shibe, Mheshimiwa. Mratibu, mfungue vifungo. Mpe maji yenye chumvi kidogo, umpepee."

Nikampepea na mwongozo. Ndicho kitu nilichokuwa nacho. Tukakaa hivyo, chupa inashuka polepole. Tunu akatetemeka, akacheua, akavuta pumzi ndefu. Akainua makalio kwanza, kama wafanyavyo ng'ombe wote, kisha miguu ya mbele, akasimama. Akatoa kinyesi cha siku nzima, na kiatu cha Mheshimiwa kilikuwa karibu. Kisha akamwita ndama wake. Shufaa akacheka na kulia kwa pamoja, na mimi, sijui vumbi, macho yakaniwasha.

Mikdad akarudisha visu guniani. "Alhamdulillahi," akasema. "Pilau imebaki?"

Ripoti niliituma wiki ileile, kwa usahihi wangu wa kawaida: Wagonjwa, wawili. Waliopona, wawili. Wahitimu, hakuna. Ofisi ya Kamishna ikaniandikia kwamba mgonjwa mmoja aondolewe haraka kwenye kumbukumbu. Nikajibu kwa heshima zote: yupi, mwenye pembe au mwenye suti? Mpaka leo sijajibiwa.

Tunu alirudi Miono na ndama wake, nikamkabidhi mwenyewe. Mama Shufaa alinishika mkono akasema, "Kumbe kweli kwenu hafi mnyama." Niliangalia chini. Kabati siku hizi halifungwi. Ufunguo bado nauvaa, kwa ajili ya heshima ya ofisi.

Na Mheshimiwa Bwanausi huja bado kututembelea. Tunamwekea kiti chenye mto, hakikalii. Husimama wima toka dua ya kufungua hadi dua ya kufunga, jua la mchana lote, hata ukuta haegemei. Na kabla hajateremka garini hushusha kioo kidogo, akaniita pembeni, akauliza kwa sauti ya chini:

"Mwinyimvua, Mikdad yuko wapi leo?"